Shada Nililolitia Chumvi

Nimeishi kwa ngozi karibu maisha yangu yote. Simaanishi ngozi za mikoba inayoning'inia madukani Nairobi. Nasema ngozi mbichi za mbuzi, kondoo na ng'ombe, zinazofika mlangoni kwangu zikiwa bado na joto la mnyama, na nyuma yake inzi wa mji mzima. Banda langu liko Garissa, upande wa soko la mifugo. Mgeni akinipigia simu kuuliza njia huwa najisumbua kumwelekeza, ilhali angefuata pua yake angefika mapema zaidi.

Kazi yenyewe ni kuzuia kuoza. Mnyama akishachunwa, uozo unatoka mbio, nami natoka mbio kuuwahi. Ngozi nyingine naimwagia chumvi, nyingine naiwamba kwenye fremu kivulini, kamba huku na kamba kule, mpaka ikauke bila kukunjamana. Waswahili husema ngozi ivute ingali maji. Sijui kama aliyeanza kusema hivyo aliwahi kuvuta hata moja, lakini hakukosea. Kwa kazi hiyo nimejenga nyumba Galbet, nimesomesha watoto, na nimepata kiburi. Nilikuwa nikijigamba mbele za watu kwamba hakuna kitu kilichokufa nisichojua kukitunza. Watu waliitikia kwa kichwa, wengine wakiwa wameziba pua kwa ncha ya kilemba.

Binti yangu wa kwanza alikulia bandani humo. Kabla hajaanza shule alikuwa akikaa juu ya rundo la ngozi kavu, miguu ikining'inia, akinisaidia kuzipanga gredi. Huku kwetu kila kichaka kina miiba, na mnyama anayelisha humo hubaki na michubuko ambayo nywele huificha. Ngozi ikiwa na michubuko ya miiba inashuka gredi, na mnunuzi wa Nairobi hasamehe. Basi nilimfundisha mtoto kupitisha ncha za vidole polepole, upande wa nyama. Vidole vyake vilikuwa vinaona kabla ya macho yangu. "Aabo, huyu alipita kwenye miiba," alikuwa akisema, nami naitupa ile ngozi kwenye rundo la gredi ya tatu huku nikitafuta mtu wa kumtajia kwamba yule ni mtoto wangu.

Kisha akaanza shule. Huko alijifunza kusoma, kuandika, na kwamba baba yake ananuka.

Siku moja ya wazazi, akiwa darasa la tatu, niliamua kuliondoa suala hilo kabisa. Nilioga mara mbili, kwanza kwa sabuni ya kufulia, kisha kwa sabuni ya kuogea. Nikajipaka atari ya mke wangu shingoni, kwapani na kwenye ndevu, nikavaa kanzu iliyofukizwa uunsi, ule ubani wetu, tangu asubuhi. Nilipokaribia shule mwalimu wa zamu alipiga chafya mpaka akaomba radhi. Binti yangu alikuja mbio kunipokea getini. Alinishika mkono, akanusa, akaangalia nyuma walikokuwa wenzake. Akaniambia kwa upole mkubwa, "Aabo, wewe ngoja hapa. Mimi nitakuletea ripoti." Nikangoja hapo getini. Miaka iliyofuata nilingoja hapohapo bila kuambiwa.

Alipokuwa msichana mkubwa akaposwa na kijana wa Mandera anayefanya biashara ya kuvuka mpaka, kijana mtulivu asiyekuwa na kasoro ninayoweza kuithibitisha. Maandalizi yakaanza. Wiki chache kabla ya harusi binti yangu akanijia na ombi: alitaka kushika maua siku hiyo. Maua halisi, mawaridi, kutoka Nairobi. Kwa kawaida hapa mjini bibi harusi hukodishiwa ya plastiki, yanapukutwa vumbi, yanakwenda harusi nyingine. Nilicheka. Nikamwambia, "Yaani ninunue kitu kilichokwishakatwa, kinachokufa njiani, kinafika hapa kikiwa maiti?" Nilisema hivyo mimi, mtu ambaye sijanunua kitu kilicho hai tangu nianze biashara.

Alitazama chini. Kisha akasema, "Aabo, nataka siku moja tu ninukie kitu ambacho hakikutoka bandani kwako."

Hakusema kwa ubaya. Angesema kwa ubaya ningepata la kumjibu. Niliagiza maua siku hiyohiyo, halafu nikanuna mpaka siku ya harusi, nikiamini hakuna aliyeona. Kumbe nyumba nzima ilikuwa inaniwekea chakula kwa kunyata.

Shada lilifika kwa basi ndani ya boksi lenye barafu. Mawaridi meupe yenye wekundu kidogo ukingoni, yamefungwa utepe mweupe. Wanawake walilipokezana chumba hadi chumba wakilinusa. Hata mimi nililinusa, kutoka umbali niliouona unastahili heshima ya mwenye nyumba. Lilinukia vizuri, siwezi kusema uongo. Na binti yangu alivyoketi nalo mapajani, mikono imepakwa hina mpaka viwikoni, alikuwa amenyoosha mgongo namna ambayo sikuwahi kumwona.

Kesho yake akaondoka na mumewe kwenda Mandera. Gari lilikuwa limesimama mbele ya geti letu, mama yake analia ndani ya mtandio, dada zake wanalia, majirani wanasaidia kulia. Binti yangu akashusha kioo cha gari na kulitoa lile shada nje. Mama yake alinyoosha mkono, lakini lilipita mbele yake likaja kwangu.

"Nihifadhie, Aabo," alisema. "Wewe ndiye unayejua kuzuia vitu visioze. Nikirudi nitalichukua."

Hakusema atarudi lini, maana bibi harusi ana haya zake, lakini sote tulijua. Kwetu mimba ya kwanza humrudisha mtoto kwa mama yake, ajifungulie hapo na kukaa arobaini. Basi nilikuwa nimepewa muda, na nilikuwa nimepewa kazi. Kitu alichokitafuta ili kisinuke mikono yangu, amekiweka mikononi mwangu. Nilifurahi mpaka nikaona aibu. Nikaapa moyoni kwamba siku atakayorudi nitampa mawaridi, yanayoonekana mawaridi, na yanayonukia chochote kile isipokuwa mimi.

Mtu mwenye akili angeuliza watu. Mimi nilikwenda nalo bandani.

Nilitandaza chumvi ya mawe juu ya ubao. Nikalilaza shada, nyuso za maua juu, kama inavyolazwa ngozi upande wa nyama. Nikamwaga chumvi nyingine mpaka likazama, nikaweka ubao wa pili juu yake na jiwe, ili maji yapate pa kutokea. Niliwaambia wafanyakazi wasiguse, kwa sauti ya daktari wa upasuaji. Kila nikipita nilitazama maji yanavyochuruzika nikajisemea kwamba kazi inaendelea vizuri. Ngozi ikichuruzika namna ile ni dalili njema.

Nilipofunua nilikuta maua yamekuwa na rangi ya chai ya rangi iliyosahaulika jikoni. Yameshikana, yamelegea, na utepe umekuwa kama kamba ya kufungia mbuzi. Mtu mwingine angesimama hapo na kutubu. Mimi niliguna tu, nikasema chumvi ilizidi kidogo, sasa linahitaji kuwambwa. Nikachukua fremu ndogo ya ngozi ya mwanambuzi, nikalifunga lile shada katikati kwa nyuzi, kila ua nikilivuta pande nne ili likauke limenyooka. Wafanyakazi wangu walikuja mmojammoja kutazama. Hakuna aliyesema neno, na hilo ndilo lililopaswa kunishtua, maana ni watu wa maneno mengi.

Likakauka. Nikilitazama kwa jicho moja niliona sikio la mbuzi, nikilitazama kwa mawili niliona masikio mengi ya mbuzi. Lakini sura haikuniumiza kama harufu. Ua likikauka mahali, nimekuja kujua, hunyonya harufu ya mahali hapo. Lile shada lilikuwa limelinyonya banda langu lote, chumvi, mafuta ya kondoo, vumbi la kwato na mimi mwenyewe. Nililileta puani nikajinusa. Nikalitia ndani ya kopo tupu la samli, nikagonga kifuniko kwa ngumi, nikaliweka rafu ya juu kabisa.

Binti yangu alikuwa akipiga simu kila Ijumaa baada ya swala. Aliuliza afya yangu, bei za soko, kisha, "Maua yangu?"

"Yanakauka vizuri," nilisema. Hapo kuna ukweli fulani ukiutafuta.

Ijumaa moja akaomba picha. Nikamwambia kamera ya simu imeharibika. Kesho yake nikamtumia kwa bahati mbaya picha ya ngamia wa jirani niliyokuwa nampelekea mteja, safi kabisa, kope zinahesabika. Hakuuliza kitu. Njia ya mwongo ni fupi, lakini watoto wenye adabu hukuacha ufike mwisho wake mwenyewe.

Halafu mama yake akaniletea habari kwamba binti yetu ni mjamzito. Nilisema alhamdulillah mara nyingi, nikaagiza mbuzi achinjwe. Kisha nikakaa chini, nikakumbuka kwamba mwenye mimba anarudi nyumbani.

Hapo ndipo nikapata ile akili ambayo watu wa nyumbani kwangu wanaisimulia mpaka leo. Nitanunua mawaridi mengine yanayofanana, nitayakausha kwa njia iliyo sawa, na hakuna atakayejua. Kuagiza Nairobi tena kungezua maswali. Lakini kila siku alasiri pikapu za miraa huingia Garissa kutoka Meru, na huko kwao mawaridi hulimwa. Nikamfuata dereva mmoja, nikamweleza kwa sauti ya chini. Alinisikiliza bila kucheka, jambo ambalo namshukuru hadi leo, na baada ya siku chache akanipigia simu.

"Mzee, mzigo wako huu," alisema nilipofika, akinikabidhi bunda lililofungwa majani ya mgomba. "Nimeufunga kama ile mingine, ndio usikauke njiani."

Sasa fikiria mwenyewe. Mimi ni mtu mzima, sijawahi kutafuna miraa, nasimama safu ya mbele msikitini. Nimesimama mbele ya meza za miraa na bunda la majani ya mgomba kwapani. Mama mmoja muuza miraa akamgeukia dereva kwa Kiswahili chetu cha sokoni.

"Dereva, hii mzee nakula miraa lini?"

"Hiyo si miraa, mama. Ni maua."

"Maua?" Alinitazama kuanzia viatu. "Sasa huyu mzee nabenda nani?"

Niliondoka kwa hatua za mtu asiye na haraka, na pengine hizo ndizo zilizonimaliza. Maua ya bunda hilo la kwanza niliyaning'iniza kichwa chini kwenye boriti ya banda, kama nilivyowahi kuona mahali. Upepo wa mchana, ukichanganyika na joto la mabati, ukayapukutisha yote, nikabaki na vijiti. Nikaagiza bunda la pili. Nilipolipokea, mji ulikuwa umeshamaliza kikao.

Msikitini baada ya Alasiri, rafiki yangu wa siku nyingi alinishika mkono akakataa kuuachia. "Mashallah," alisema. "Tumesikia habari njema. Ni wa ukoo gani?"

"Nani?"

"Usijifiche, walaal, ndugu yangu. Jambo la halali halifichwi."

Ndipo nilipoelewa kwamba nimeoa. Mji mzima ulikuwa umeniozesha mke wa pili, kijana, anayependa mawaridi, na wengine walikuwa wamekwishampangia nyumba. Nilitembea kurudi Galbet nikiwa na lile bunda chini ya koti, kwenye joto lile ambalo hakuna mtu hapa aliyewahi kumwona mwenziwe akivaa koti.

Mke wangu alikuwa ameketi kwenye mkeka na chai ya maziwa ya ngamia imekwisha kumiminwa. Kikombe kimoja tu, changu.

"Nani?" aliuliza.

"Nani nini?"

"Anayependa maua."

Mficha uchi hazai. Nilimwomba avae viatu, nikampeleka bandani, nikapanda ngazi, nikashusha kopo la samli, nikalifungua mbele yake. Alitazama ndani. Alichukua kijiti akageuza kilichokuwamo, akakiona kipande cha utepe. Nikamweleza yote, chumvi, ubao, fremu, Ijumaa zote, pikapu ya miraa. Nilimweleza na lile neno la binti yetu kabla ya harusi, ambalo sikuwa nimemwambia mtu. Alifuta vidole kwenye mtandio.

"Afadhali ungeoa," alisema mwishowe. "Ungeoa ningekasirika, yangepita. Hili nitamwambia nini mtoto?"

Lakini tangu hapo hakuniachia kazi peke yangu. Jioni hiyohiyo tulikaa na simu yangu, ile yenye kamera iliyoharibika, tukatafuta namna watu wengine wanavyofanya. Tukamkuta mwanamke wa nchi ya mbali, anaongea lugha tusiyoijua, anamimina mchanga mkavu kulizunguka waridi mpaka linafunikwa. Baada ya siku kadhaa anaufukua, waridi liko vilevile. Mke wangu aliitazama mara mbili. Kisha akaniangalia, akaanza kucheka, akacheka mpaka akaegemea ukuta.

"Mchanga," alisema. "Umezaliwa juu ya mchanga, umelala juu ya mchanga, jua liko juu ya kichwa chako toka utoto. Ukaenda dukani kununua chumvi."

Tulileta mchanga wa mto Tana, ule laini wa kingoni. Mke wangu aliuosha, akauchekecha kwa chekecho la unga, akaukaanga kwenye sufuria mpaka ukawa unateleza vidoleni. Kazi ya kuzika maua ni ya watu wawili, hilo yule mwanamke wa kwenye simu hakulisema. Mmoja anashika ua lisimame ndani ya bati la biskuti, mwingine anamimina mchanga kwa kijiko, kati ya petali na petali, bila kuliangusha. Nikawa mmiminaji. Mikono yangu imezoea kuvuta ngozi kwa nguvu zote, na mara ya kwanza nililivunja shingo. Mke wangu alinishika kiganja, akanionyesha namna ya kutikisa kijiko bila kutikisa mkono. Sikumbuki mara ya mwisho alinishika kiganja mchana. Nililivunja la pili pia, na sitasema kwamba ilikuwa bahati mbaya.

"Na mimi ulinipa nini harusi yetu?" aliuliza siku moja tukiwa tumeinama juu ya bati.

"Ngozi ya kondoo ya kuswalia. Niliitengeneza mwenyewe."

"Ilinuka mwaka mzima," alisema. "Endelea kumimina."

Tuliyaweka mabati juu ya paa, penye jua. Tulipofukua, mawaridi yalitoka meupe, na wekundu uleule ukingoni, yamekauka, kila petali mahali pake. Mke wangu aliyapangusa mchanga kwa brashi ya wanja. Niliyanusa. Yalinukia vumbi safi na kidogo sana maua, na nikapata tena kiburi changu chote, pamoja na riba. Tuliyapanga kwenye kabati la vioo sebuleni, yamefungwa utepe mpya mweupe.

Hapo tukahitilafiana. Mke wangu alitaka mtoto aambiwe. Mimi niliona heri asijue: alichotaka ni mawaridi, na mawaridi hayo hapo. "Mimi sitamdanganya, wala sitakusemea," alisema. "Akiniuliza nitamwelekeza kwako." Nikaona nimeshinda.

Binti yangu alifika akiwa mzito, uso umejaa, miguu imevimba kwa safari ndefu. Alimkumbatia mama yake, akanikumbatia na mimi, akakaa, akanywa maji. Mimi nilikuwa nimesimama kando ya kabati kama mwenye duka. Nikafungua mlango wa kioo.

"Mazuri," alisema. Akaomba ayashike. Alipitisha ncha za vidole polepole, kutoka kwenye petali kushuka kwenye shina, upande mmoja, kisha upande wa pili. Vidole vikasimama.

"Aabo," alisema, "haya yana miiba."

Sikuelewa.

"Yangu yaliondolewa miiba. Ya harusi huondolewa, bibi harusi asijichome." Aliinua macho. "Yangu yako wapi?"

Nimekagua ngozi nyingi kuliko ninavyoweza kusema, nikitafuta alama ya mwiba. Na mawaridi haya niliyashika, niliyazika, niliyafukua, yakanichoma vidole mara kwa mara nikilalamika, na sikuiona miiba yenyewe. Mke wangu alikuwa ameanza kukunja nguo ambazo zilikuwa tayari zimekunjwa.

Nilikwenda bandani nikaleta kopo. Njiani nilifikiria kuliangusha mtaroni. Nikaliweka mbele yake. Kifuniko kilikuwa kimeshika, ikabidi nikibandue kwa kisu, na kilipotoka, ile harufu ikapanda ikajaa sebule yote.

Aliinama akatazama. Alitoa kile kitu cha kahawia kwa mikono miwili akakisogeza puani. Mwanamke mjamzito, ambaye mama yake alikuwa ameniambia kwamba hata kitunguu kinamtapisha. Niliogopa. Niliogopa kuliko siku nilipofilisika mara ya kwanza.

"Yananuka banda," alisema.

"Nisamehe," nilisema. "Uliomba siku moja tu, na mimi hata hiyo nimeitia banda. Nilitaka sana kukutunzia. Sikujua njia nyingine."

Aligeuza shada, akalikwaruza kwa ukucha, akaonja ukucha.

"Umetia chumvi."

"Nimetia."

"Ukaweka na jiwe juu?"

"Ili maji yatoke."

"Na haya matundu ya nyuzi?" Alilinyanyua penye mwanga. "Aabo. Uliliwamba?"

"Kwa siku chache tu," nilisema.

Alianza kucheka. Alicheka huku ameshika tumbo kwa mkono mmoja na shada kwa mkono wa pili, machozi yanamtoka, mama yake anamwambia apumue. Sikujua kama ni kicheko chote au kuna kingine ndani yake, na sikuthubutu kuuliza. Alipotulia alilirudisha kwenye kopo, akalifunika vizuri, akalipeleka chumbani kwake. Hatukulitaja tena.

Alijifungua salama, mtoto wa kike. Arobaini ikafika, nyumba ikajaa wanawake na moshi wa uunsi. Mke wangu alimwonyesha kila mgeni mawaridi ya kabatini. "Mzee wangu alininunulia," alikuwa akisema, na wale waliokuwa wameniozesha mwaka uliopita waliyatazama sana, wakanywa chai yao bila maneno mengi. Sikumkosoa. Kwa kweli, nikiyahesabu mambo yote, sijui ni ya nani kama si yake.

Siku ya kuondoka gari lilisimama palepale mbele ya geti. Mama yake akalia, mtoto akalia, majirani wakasaidia. Binti yangu alikuwa ameketi nyuma, mwanawe kifuani, na miguuni pake kati ya mifuko nikaliona kopo la samli. Nilijua hali ya sebule za watu wa Mandera wenye biashara zao, mazulia, mapazia, viti vilivyopambwa dhahabu. Nikainama dirishani.

"Hilo utaliweka wapi?" niliuliza. "Liweke stoo. Au liweke nje kabisa, penye upepo."

"Nitaliweka sebuleni, Aabo," alisema. "Juu ya meza ya wageni. Bila kifuniko."

Akapandisha kioo, maana vumbi lilikuwa limeanza. Gari likaondoka, nikabaki nimesimama getini, mahali nilipozoea. Asubuhi hiyo nilikuwa nimeoga mara mbili.